Kimya cha Kinyonga

Katika viumbe wote watambaao juu ya matawi ya nchi yetu, yamkini hapana aliyesingiziwa kuliko kinyonga. Mtu asiye na msimamo huitwa kinyonga. Rafiki atuchekeaye mbele ya uso na kututeta nyuma ya mgongo huitwa kinyonga. Kiongozi asemaye hili asubuhi na lile jioni, naye huitwa kinyonga. Tumemfanya mnyama huyu kuwa kipimo cha unafiki, kana kwamba hubadili rangi ili apate kudanganya. Lakini mtu aliyepata kumtazama kwa subira atashuhudia kinyume cha shutuma hii. Rangi ya kinyonga ni kauli yake. Mnafiki huficha lililo moyoni. Kinyonga huliweka juu ya ngozi, likaonekana na kila mwenye macho. Kama pana uongo, basi uongo huo ni wa mtazamaji, asomaye katika ngozi ile jambo alipendalo mwenyewe na kuliacha jambo lililoandikwa.

Najua hivyo kwa sababu nilipata kuwa mtazamaji wa namna hiyo. Nataka kusimulia habari yenyewe, ingawa hainipi sifa. Kisha nataka kumwuliza msomaji swali moja: mtu aliye na nguvu juu ya kiumbe asiyeweza kusema ana deni gani kwake?

Nilikuwa na umri wa miaka 12. Tulikaa katika miteremko ya Mlima Kenya, upande wa Meru, mahali penye baridi ya usiku, ukungu wa asubuhi na mashamba ya kahawa. Siku moja, nilipokuwa nikikata majani ya ng'ombe, nilimwona kinyonga katika ua wa shamba. Alikuwa dume wa rangi ya kijani, mwenye pembe tatu: moja juu ya pua na mbili mbele ya macho. Wataalamu humwita kinyonga wa Jackson. George Albert Boulenger ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza katika elimu ya wanyama, mwaka 1896, akampa jina la Frederick John Jackson, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda. Mimi sikujua habari hizo. Nilijua tu kuwa nimeona ajabu, na nilitaka ajabu ile iwe mali yangu.

Nilimtia katika kisanduku cha mbao, nikakifunika kwa kipande cha kioo cha dirisha, nikakiweka mahali penye jua ili apate joto na watu wapate kumwona. Ndani niliweka kijiti kimoja, panzi sita, na kibakuli cha maji safi. Kila asubuhi niliyabadili maji yale kabla sijanywa chai yangu. Nilijiona mtu mwema, na laiti mtu angaliniambia kuwa ninamtesa mnyama, ningalikasirika.

Watoto wa jirani walikuja kutazama. Tulimweka juu ya kitambaa chekundu, kisha juu ya kitambaa cha manjano, tukingoja awe mwekundu na awe manjano. Hakuwa hivi wala vile. Alikuwa mweusi, akajaza mbavu pumzi, akafunua kinywa, akatoa sauti kama ya nyoka. Tukapiga makofi. Mwenzetu mmoja akaleta kioo cha kujitazamia. Kinyonga alipoona sura yake alidhani ni dume mwingine aliyeingia katika milki yake. Akajifanya bapa kama jani, akayumba huku na huku, na rangi zake zikawaka. Tukapiga makofi tena. Baada ya siku chache hakufanya tena fujo. Alikaa chini katika pembe ya kisanduku, amefumba macho mchana, rangi yake imefifia kama majivu yaliyomwagiwa maji. Nikawaambia wenzangu kwa fahari, "Sasa amenizoea."

Siku ya tisa nilimkuta amekufa. Kibakuli cha maji kilikuwa kimejaa, nacho hakikuwa mbali na kinywa chake hata shibiri moja.

Nilipomweleza mwalimu wetu wa sayansi jambo hili hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Huko uani ulikomtoa, maji ya asubuhi hukaa wapi?"

Nikamjibu, "Juu ya majani, mwalimu. Ule umande."

Akasema, "Naye hunywa huko."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake yote, na yalinitosha. Kinyonga hunywa matone. Hulamba umande na mvua iliyotua juu ya majani, na kwa kawaida maji yaliyotulia katika chombo hayatambui kuwa ni maji. Nilikuwa nimemwua kwa kiu mbele ya maji, na kila asubuhi nilikuwa nimeyabadili kwa upendo.

Hapa ndipo swali letu linapoanzia. Mtu mkatili hahitaji insha. Kila mtu amjua, na yeye mwenyewe ajijua. Ahitajiye kuonywa ni mtu mwema, kwa sababu wema wake humfanya asichunguze. Nilimpa kinyonga vitu ambavyo mimi ningalivitaka: maji ya kibakuli, jua la dirishani, na marafiki wa kunitazama na kunisifu. Sikumpa hata kimoja ambacho yeye alikitaka. Nilimpenda, lakini nilimpenda kama kwamba alikuwa mimi. Na aliponiambia kwa rangi, kwa kinywa, kwa macho na kwa mwili wake wote kwamba anaangamia, nilizisoma habari zile kuwa michezo, na mwisho nikazisoma kuwa ni mazoea. Alipokuwa na nguvu ya kulalamika nilimshangilia. Alipokosa hata nguvu hiyo nilidhani ameridhika.

Basi wajibu wa kwanza wa mlezi ni kujifunza lugha ya anayemlea. Lugha ya kinyonga si ngumu sana, ila yataka utulivu.

Herufi yake ya kwanza ni rangi. Watu wengi husema kuwa hubadili rangi ili afanane na kitu alichokikalia. Kwa sehemu kubwa si kweli. Hubadilika kwa joto na baridi, kwa mwanga na giza, kwa hofu, kwa hasira na kwa haja ya mwenzi. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva katika Uswisi walionyesha namna moja ya kazi hiyo kwa kinyonga chui wa Madagaska: ndani ya ngozi yake mna fuwele ndogo mno zilizopangwa kwa safu, na nafasi baina yake ikipanuka au ikipungua, mwanga urudishwao na ngozi hubadilika. Kinyonga aliyetulia huwa na fuwele zilizokaribiana na rangi ya kijani. Akichafukwa, nafasi hupanuka na rangi za manjano na nyekundu hujitokeza. Ajabu tuliyoishangilia watoto wa Meru haikuwa pambo. Ilikuwa ni fadhaa ya moyo iliyopata njia ya kuonekana.

Lakini mtu asikimbilie hukumu. Kinyonga hujitia weusi asubuhi ya baridi, kwani weusi hupokea joto la jua upesi, na usiku alalapo hupauka. Weusi wa saa moja asubuhi, juani, ni kama moto tuotao jikoni. Weusi wa adhuhuri, siku baada ya siku, ni kilio. Neno ni lile lile, na maana ni mbili. Asiyejua saa wala mahali hawezi kujua maana.

Herufi ya pili ni macho. Kila jicho la kinyonga huzunguka peke yake, moja likitazama mbele na jingine nyuma, kwa kuwa hana mbio za kumwokoa, na kuona mapema ndiyo silaha yake. Kiumbe wa namna hii hafumbi macho mchana bila sababu. Akiyafumba, ni mgonjwa au amechoshwa na hofu. Macho yakizama ndani, mara nyingi ni kwa kiu. Na mkojo wake, ambao si maji matupu bali huwa na kitu kizito kama chokaa, nao husema: weupe ni dalili ya maji ya kutosha, na manjano ya kukolea ni dalili ya ukavu wa mwili.

Herufi ya tatu ni mwenendo. Akijifanya bapa, akivimba au akitoa sauti ya pumzi, anasema, "Usinikaribie." Akizunguka nyuma ya tawi ili tawi likae baina yako na yeye, anasema, "Nimekuona, nami sitaki kuonekana." Akiacha kinywa wazi ilhali hakuna amtishaye, huenda joto limemzidi. Akikwaruza ukuta wa kizimba au akishuka na kutangatanga chini, anatafuta njia ya kutoka. Akikataa chakula, jambo limekwisha kuwa kubwa. Hatari ya kinyonga ni kwamba huuficha ugonjwa wake muda mrefu, maana porini mnyama aonyeshaye udhaifu huliwa na ndege au nyoka. Kwa hiyo dhiki ndogo huonekana, na dhiki kubwa hunyamaza. Mwili ulio katika hofu isiyokoma hupoteza nguvu ya kupigana na maradhi. Na mwenye kungoja mpaka aone kinyonga ameanguka amengoja mno.

Wajibu wa pili, baada ya kuijua dhiki, ni kuiondoa. Nami nilipojifunza jinsi ya kuiondoa niligundua jambo lililonishangaza: karibu kila dawa ya dhiki ya kinyonga ni kuondoa kitu, na mara nyingi kitu chenyewe ni sisi.

Mwondolee macho ya watu: mpe majani mengi ya kujificha, na usimweke mahali pa kupita wageni. Mwondolee mikono: asishikwe ila kwa haja, na mkono usimjie kutoka juu kama kucha za mwewe, bali uletwe polepole mbele yake, chini ya kidevu, apande mwenyewe akitaka. Mwondolee mwenzake, kwa maana kinyonga ni mtu wa upweke. Wawili katika kizimba kimoja huwa ni vita, hata kama hawapigani, na kioo cha kujitazamia ni adui asiyechoka. Mwondolee sanduku la kioo lililo juani, ambalo hugeuka tanuri, na ambalo kioo chake huzuia ile sehemu ya mwanga imsaidiayo kujenga mifupa. Kizimba cha wavu kipitishacho hewa ni bora. Mwondolee joto la kupita kiasi, hasa huyu wa nyanda za juu aliyezoea usiku wa baridi. Mwondolee taa usiku, alale. Kisha mpe vitu vichache: mahali pa juu, kwa kuwa aliye chini hujiona windo; matawi membamba ayashike kwa vidole vyake vilivyogawanyika mafungu mawili; jua la asubuhi pamoja na kivuli cha kukimbilia; wadudu wa namna nyingi; na maji yanyunyizwayo juu ya majani, polepole, mpaka umwone akifunga na kufungua kinywa na kunywa.

Msomaji ataona kuwa maagizo haya hayana gharama kubwa. Gharama yake ni ya namna nyingine. Mtu hutaka mnyama wa kufugwa ili amtazame, amshike na amwonyeshe kwa wageni. Kinyonga huponywa kwa kutotazamwa, kutoshikwa na kutoonyeshwa. Ndiyo maana ninamhesabu kuwa mwalimu wa maadili. Mbwa akipendwa hupenda, akasaidia kuuficha uchoyo wetu kwa shukrani zake. Kinyonga hamfichii mtu. Humwuliza mlezi wake waziwazi: wanipenda mimi, au wapenda kuwa nami?

Uchoyo huu si wa watoto peke yao. Mwaka 1972 vinyonga wa Jackson walisafirishwa kutoka Kenya hadi kisiwa cha Oahu, katika Hawaii, kwa mfanyabiashara wa wanyama wa kufuga. Walifika wamekonda na kukauka kwa safari, naye akawaachia katika bustani yake wapate nafuu, akidhani atawakusanya tena. Hawakukusanyika. Walizaana, kwa kuwa kinyonga huyu huzaa watoto hai na wengi kwa mara moja, nao watu wakawachukua hadi visiwa vingine. Leo wanakula wadudu na konokono wa visiwa vile ambao hawapatikani mahali pengine duniani. Tazama jinsi kosa moja lilivyozaa jingine: waliteswa kwa safari ili wauzwe, walihurumiwa kwa haraka bila kufikiri, na malipo ya huruma ile yalitozwa konokono ambao hawakuhusika. Kenya ilikomesha biashara ya kuwapeleka nje vinyonga hawa mwaka 1981, lakini waliokwisha kwenda hawakurudi.

Hapo pana watu wawili ambao huenda wakanipinga, na wote wawili wastahili kusikilizwa.

Wa kwanza atasema: "Wajuaje kuwa kinyonga ana dhiki? Yamkini ni mtambo tu, na rangi zake ni kama taa za mtambo." Wazo hili si geni. Katika karne ya 17 Mfaransa René Descartes alifundisha kuwa miili ya wanyama hutenda kama mitambo. Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1789, alilielekeza swali mahali pengine: lililo muhimu juu ya mnyama, alifundisha, si kama ana akili wala kama anasema, bali ni kama anaweza kuumia. Mimi siwezi kuingia ndani ya kinyonga na kurudi na habari. Lakini naweza kupima makosa mawili. Nikidhani anaumia, kumbe haumii, nimepoteza muda wa kunyunyiza majani. Nikidhani haumii, kumbe anaumia, yeye amepoteza uhai wake katika mateso. Makosa haya hayalingani. Mwenye nguvu akiwa na shaka, haki humtaka aibebe shaka hiyo yeye mwenyewe, asimtwike mnyonge.

Wa pili atasema: "Katika nchi yenye watu walio na njaa, wewe wahubiri juu ya mjusi wa mitini?" Neno hili lina uzito zaidi, nami silidharau. Kama siku moja ni lazima kuchagua baina ya mtoto na kinyonga, kila mtu mwenye akili timamu atamchagua mtoto. Lakini siku za namna hiyo ni chache, na kwa siku nyingine zote huruma si ngano ghalani ipunguayo kila ichotwapo. Huruma ni ustadi, na ustadi hukua kwa kutumiwa. Jicho lililojifunza kusoma kimya cha kinyonga halitakipita kimya cha mtu. Mtoto mchanga hawezi kusema. Mgonjwa mahututi hawezi kusema. Mtumishi wa nyumbani anaweza kusema, lakini aogopa kufukuzwa. Mwanafunzi mgeni wa bweni, ambaye juma la kwanza alilia na wenzake wakamcheka, juma la pili hulia tena, na juma la tatu hunyamaza. Wenzake husema, "Sasa ametuzoea." Msomaji, unakumbuka ni nani aliyesema neno hilo kabla yao?

Wahenga walisema kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Twalitumia neno hili kuonya juu ya hasira ya mtu mpole. Lafaa pia kutuonya juu yetu wenyewe. Tunapokuwa na nguvu, tuna desturi ya kuhesabu kimya cha walio chini yetu kuwa ni ridhaa. Kimya si ridhaa. Huenda kikawa ridhaa, huenda kikawa hofu, huenda kikawa ni kuchoka kwa aliyesema mara nyingi asisikilizwe. Ni juu ya mwenye nguvu kupambanua, wala si juu ya mnyonge kupiga kelele.

Nyanya yangu hakupata kuingia katika chumba kile kilipokuwa na kinyonga. Kama wazee wengi wa nchi yetu, aliogopa. Baada ya kifo chake nilimwuliza sababu, naye akanisimulia kisa ambacho Wakikuyu, Wakamba na watu wengine wengi wa Afrika wanacho, kila kabila kwa namna yake. Hapo mwanzo Mungu alimtuma kinyonga awaletee watu habari kwamba hawatapotea kwa kifo. Kinyonga alitembea kwa mwendo wake, na alipofika alianza kusema kwa kigugumizi. Watu wakangoja, naye hakumaliza. Ndipo ndege akaja kwa haraka na ujumbe mwingine, wa mauti, akausema wote kwa mara moja. Na neno lililosemwa kwanza likashika.

Nikasema, "Basi kosa ni la kinyonga, nyanya. Alichelewa."

Nyanya akafikiri kidogo, akasema, "Ndivyo wasemavyo, mjukuu wangu. Lakini hata watu nao walikuwa na haraka."

Sikulifahamu neno lile wakati huo. Nilikuja kulifahamu miaka mingi baadaye, siku mpwa wangu aliponijia na sanduku la viatu mikononi. "Mjomba," akasema, "nimempata uani. Tazama anavyobadilika!" Ndani mlikuwa na kinyonga wa pembe tatu, mweusi kama mkaa, mbavu zimejaa, kinywa wazi.

Nilimwambia kuwa katika Kenya mnyama wa porini hatwaliwi na kufugwa kwa kupenda tu; sheria hutaka kibali, nayo sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu. Lakini sikutaka ajifunze sheria peke yake. Nilimwomba tumweke kinyonga kwenye mti mdogo wa mpera ulio nyuma ya nyumba, penye kivuli, kisha tukae mbali, tusiseme. Tulinyunyiza maji juu ya majani. Kwa muda mrefu hakuna lililotokea, na kijana akaanza kuchezesha miguu. Kisha jicho moja likageuka likatazama tone. Shingo ikasogea. Akanywa, akanywa tena. Weusi ulianza kumtoka kama wingu liondokavyo juu ya kilima, kwanza mgongoni, kisha mbavuni, mpaka akawa kijani cha majani yenyewe, na tukawa hatumwoni vizuri.

Mpwa wangu akanong'ona, "Mjomba, kwani hapo kwanza alikuwa akifanya nini?"

Nikamjibu, "Alikuwa akisema."

Alasiri tulimrudisha katika ua alikotoka, tukamweka juu ya tawi. Akapanda hatua moja, akasita, akayumba kama jani, akapanda nyingine. Hakugeuka nyuma. Kijana alihuzunika kidogo, akaniuliza kwa nini mnyama tuliyemtendea mema hakutuonyesha hata ishara ya shukrani. Nilimwambia kuwa hatukumtendea wema wowote. Tulimrudishia vitu vyake. Mwenye kulipa deni hangoji kushukuriwa.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali nililomwuliza msomaji. Kwa kiumbe asiyeweza kusema, ambaye uhai wake umo mikononi mwetu, tuna deni la kumngoja mpaka amalize ujumbe wake, kwa lugha yake na kwa mwendo wake. Na tukiisha kuusikia, tuna deni la kutenda ausemalo, hata kama neno lenyewe ni kwamba tuondoke.